Mistari kwenye boneti

Leseni yangu ilikuwa na wiki mbili tu siku mjomba aliponirushia funguo za Corolla yake pale Moshi, akasema, "Nipeleke Arusha." Mjomba amezeekea kwenye usukani wa Fuso na hapendi kuendeshwa, kwa hiyo nilijua kabisa kwamba huo ni mtihani.

Mpaka Weruweru, mambo safi. Tukashuka daraja la Kikafu, tukaanza kupanda kuelekea Kwa Sadala. Mbele yangu lori la ndizi linajikokota, moshi wake wote unaingia dirishani kwetu. Katikati ya lami kulikuwa na mistari miwili myeupe, mmoja wa vipande, mwingine haukatiki. Chuoni tulichorewa ubaoni: vipande ruhusa kuovateki, usiokatika marufuku. Hiyo miwili ikikaa pamoja inakuwaje, ama sikuambiwa ama nilikuwa nasinzia. Nikaona vipande, nikaona ruhusa. Nikawasha indiketa, nikakanyaga mafuta.

Nikiwa ubavuni mwa lori, basi likaibuka kule juu, taa zinawaka mchana kweupe. Dereva wa lori, Mungu ambariki popote alipo, akashika breki, nami nikachomeka pua mbele yake. Mjomba hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Simama hapo Kwa Sadala."

Nikajua nanyang'anywa funguo. Yeye akashuka, akasimama mbele ya gari. Boneti ilikuwa imejaa vumbi. Akachora kwa kidole mstari mrefu, kisha pembeni yake vipande vipande, akaokota kizibo cha soda na kukiweka upande wa ule mrefu.

"Huyu ni wewe. Mstari upi uko karibu yako?"

"Huu mrefu, mjomba."

"Basi vile vipande si vyako. Ni vya anayeshuka. Yeye yuko juu, anaona mpaka chini. Wewe unayepanda ulikuwa unaona nini?"

"Ndizi."

Akacheka, akajizuia, tukaondoka.

Kuanzia hapo nikawa kama mtoto wa chekechea. Kila alama ya barabarani niitaje kwa sauti. Usiokatika upande wangu, nakaa nyuma. Vipande upande wangu, naweza kupita, kama mbele ni kweupe. Usa River trafiki akatupungia tupite. "Angekukuta kule mlimani, elfu thelathini," mjomba akasema. "Lile basi lisingekuandikia risiti." Tulipofika Tengeru barabara ikawa njia nne, nikashangilia vipande kwa kuchelewa: hivi vinatenganisha magari yanayokwenda upande mmoja tu, na ile njia ya kulia ni ya kupitia wenzako, si ya kuhamia. Penye zebra akanirudisha kinyumenyume, nusu mita nzima, kwa sababu tairi za mbele zilikuwa zimekanyaga mstari wa kusimama.

Jioni nikaambiwa nioshe gari. Nikaosha tairi, vioo, milango, hata kapeti. Boneti nikaiacha mwisho.