Mkamba, kiti cha jikoni na pauni sabini

Mimi ni Mkamba wa Kitui, na hadi nafika Ohio, Marekani, nikiwa na miaka thelathini na sita sikuwa nimewahi kulenga hata kuku kwa mshale. Nalisema mapema ili mcheke mmalize. Uta wa babu ulitundikwa ukutani nyumbani kwetu, podo lake limejaa utando wa buibui. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, mimi sijazaliwa, kwa hiyo nilichorithi ni hadithi tu: sumu ya msunguti inavyopikwa, mnyama anavyofuatwa nyayo hadi aanguke, na uta ambao babu aliuvuta huku baba akishindwa.

Basi ikawa bahati mbaya kwamba hadithi hizo nilimsimulia muuza duka.

Nafanya zamu ya usiku kwenye ghala nje kidogo ya Columbus. Kila ikikaribia mwisho wa Septemba wenzangu huanza kunong'onezana habari za kulungu, wale wa huku wenye mkia mweupe. Msimu wa bunduki ni siku chache tu, lakini msimu wa upinde unaanzia hapo Septemba hadi mapema Februari. Na Ohio haikubagui: ukija na kampaundi, yaani upinde wa magurudumu, au ukija na krosibo, ule upinde uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki, msimu ni huo huo. Si kila jimbo liko hivyo. Oregon, kwa mfano, krosibo hairuhusiwi kuwindia kabisa, kwa hiyo soma sheria za kwako kabla hujatoa pesa.

Jamaa mmoja ghalani, mwenye mdomo mkubwa na hekima kidogo, akaniambia krosibo ni ya wazee na wagonjwa. "Mwanamume anavuta." Nikaenda dukani na maneno hayo kichwani. Muuzaji aliposikia natoka kwa watu wa mishale, macho yakamng'aa, akaingia nyuma akatoka na kampaundi ya pauni 70, yaani kuuvuta uzi wake ni kama kuinua mzigo wa pauni 70.

Sasa, sheria ya Ohio inataka upinde wa kuvuta kwa mkono usipungue pauni 40. Arobaini! Hilo hakunieleza. Alichonieleza ni yale magurudumu ya nchani, ambayo Holless Wilbur Allen wa Missouri alipewa hataza yake mwaka 1969. Unavuta, mzigo unapanda, halafu magurudumu yakishapinduka mzigo unaporomoka kwa kama asilimia 80, kwa hiyo pauni 70 unazishikilia kwa 14 tu huku unalenga. Hiyo 14 aliitaja mara tatu. Ile 70 ya kabla ya kufika huko aliitaja mara moja, anaangalia pembeni.

Nikavuta pale pale dukani. Nimesimama wima, nimevaa fulana, ni mwezi wa saba, damu inachemka, na watu wananitazama. Ulikuja. Nikatoa dola mia tano na kitu, mishale na kifyatuo cha kufunga kwenye kifundo cha mkono, kinachoshika uzi na kuuachia, bado sijahesabu, nikaenda nyumbani kama shujaa.

Wiki mbili za kwanza uzi ulinichapa mkono wa kushoto hadi ukawa rangi ya zambarau. Kumbe urefu wa mvuto, yaani umbali ambao uzi unavutwa nyuma, ulipangwa inchi 29, na mimi ni mtu wa 27. Hili lipime mwenyewe: tandaza mikono, mtu akupime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole kwa inchi, gawa kwa 2.5. Dakika moja. Hakuna aliyenipima.

Ikafika Novemba. Mzee mmoja mwenye shamba la mahindi na soya upande wa kaunti ya Licking alinipa ruhusa ya maandishi, maana huku shamba la mtu huingii kuwinda kwa ruhusa ya mdomo. Nikapanda ulingoni, futi kama 15 juu ya mti, mkanda wa usalama umefungwa. Ni ulingo kama ule wa kufukuzia ndege shambani kwetu, ila huu ni wa chuma, na baridi yake inapita kwenye suruali tatu. Nikakaa tangu giza. Saa moja, saa mbili, saa tatu. Vidole nikavisahau.

Akatoka jike mmoja, mnene, anatembea kama mama anayetoka sokoni bila haraka. Akasimama yadi 20 kutoka kwangu, ubavu wazi, kichwa nyuma ya mti. Mwindaji haombi zaidi ya hapo. Nikashika kifyatuo, nikavuta.

Upinde ukakataa.

Koti limenibana mabega, misuli imeganda, nimeketi, na siwezi kusimama maana atanisikia. Nikafanya ambalo kila mtu hufanya akizidiwa: nikainua upinde kuelekea mbinguni, kama mtu anayeangua maembe kwa upondo, nipate nguvu ya kushuka nao. Ukafika nusu ya njia ukakwama. Mikono ikaanza kutetemeka, mshale unagonga-gonga chuma, ti-ti-ti-ti, halafu ukateleza ukadondoka, ukaigonga ngazi kila kipandio kwa zamu. Yule jike akainua kichwa akanitazama. Nami nikamtazama, mikono yote miwili iko juu kama mtu aliyekamatwa na polisi. Akapiga mguu chini mara moja, akakoroma, akainua ule mkia mweupe, akaniaga kwa leso hiyo mpaka alipoishia vichakani.

Nilipomsimulia mwenye shamba, hakucheka, ambalo ni baya zaidi. Aliuliza tu: "Ulishawahi kuuvuta umekaa?" Akanipa jaribio lake, ambalo mimi ningelitundika mlangoni mwa kila duka la mipinde. Chukua kiti cha jikoni. Vaa kila kitu utakachovaa porini, hadi glavu. Keti, inua miguu yote miwili isiguse sakafu. Elekeza upinde mbele, siyo darini, uvute polepole, ushikilie nusu dakika, urudishe polepole. Kidole kikae mbali kabisa na kifyatuo, kwa sababu uzi ukichomoka bila mshale upinde unaweza kupasukia usoni mwako. Kama umeshindwa, basi upinde huo si wako, hata kama babu yako alikuwa nani.

Nikaketi jikoni saa nne usiku, koti na kofia, nimelielekea jokofu. Mke wangu akasimama mlangoni akaangalia kwa muda. "Baba Mwende, ukiua hilo friji, huyo kulungu utamweka wapi?"

Kwa 70 nilishindwa. Nikalegeza skrubu za mabawa, ile mikono miwili ya upinde inayopinda ukivuta, zinashuka hadi 60 tu na upinde wangu hauendi chini ya hapo. Nikashindwa pia, bega la kulia likilia kama mlango wa zamani. Miaka sita ya kunyanyua maboksi, ndiyo hiyo. Ningenunua wa 45 tangu mwanzo ningekuwa bado na kampaundi, na kulungu angekufa vile vile, maana mshale hauui kwa kishindo, unaua kwa kigumba chenye makali kilichopita mahali sahihi. Lakini pesa ya upinde wa pili wa mkono sikuwa nayo, na jioni za kufanyia mazoezi sikuwa nazo pia. Kampaundi inataka urushe mishale kila siku mbili tatu, la sivyo mkono unasahau. Mtu wa zamu ya usiku anatoa wapi jioni?

Nikanunua krosibo iliyotumika, dola mia tatu na ushei, ya pauni 175. Usitishike na namba. Unakanyaga pete ya mbele, unavuta kwa kamba yenye vishikio ambayo inagawa uzito nusu kwa nusu, na unatumia mgongo na miguu badala ya bega. Zaidi ya yote, unavuta mara moja tu, ukiwa chini. Unaipandisha kwa kamba bila mshale, ukishakaa ndipo unapachika. Kulungu akija huna la kuvuta. Unasukuma kitufe cha usalama, unapumua, unafyatua.

Kero zake sitazificha. Nzito. Inapiga kishindo ambacho mnyama anakisikia na kuinama kabla mshale haujafika, kwa hiyo wale wanaojisifu kwa yadi 80 waache na hadithi zao, mimi sipiti 30. Kidole gumba kikipanda juu ya reli, ile njia ambayo uzi unapita ukifyatuka, kimeondoka. Na ukishaivuta huwezi kuirudisha kama kampaundi: jioni lazima uifyatue ardhini, penye udongo laini, kwa mshale butu. Siku ya kwanza sikubeba mshale butu. Nikafyatua ule mzuri kwenye kichuguu cha fuko, ukazama wote hadi manyoya. Nilichimba kwa funguo za gari dakika ishirini. Bado uko huko.

Oktoba iliyofuata, jioni, jike, yadi 24 kwa kipimo cha mkononi. Nikasikia kishindo, akaruka, akaingia vichakani. Nikakaa nusu saa bila kushuka, jambo gumu kuliko yote niliyoeleza hapa. Damu ilikuwa ya waridi yenye mapovu, yaani mapafu. Ingekuwa nyeusi, ini, ningesubiri saa kadhaa. Alikuwa hatua sabini hivi mbele, ameshaisha. Nikamripoti kwa idara ya wanyamapori kwa simu usiku ule ule, maana mwisho ni saa sita mchana wa kesho yake.

Ini tulichoma na chumvi na pilipili, nikampigia baba.

"Umempiga kwa uta?"

"Ndiyo, baba."

"Uta wenye kitako?"

"Ndiyo."

"Na kifyatulio, na darubini?"

"Ndiyo, baba, lakini—"

"Hiyo ni bunduki iliyokosa risasi, mwanangu." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza ini lilitosha watu wangapi, na ule upinde wa magurudumu nimemuuzia nani.

Sijauuza. Umetundikwa ukutani, karibu na jokofu. Nimeubadilishia mabawa, sasa ni wa pauni 50, na Jumapili nikitoka kanisani navaa koti, naketi kwenye kile kiti, nainua miguu. Wiki iliyopita ulikuja hadi mwisho. Bega halikulia.