Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Mapaa, Siku Baada ya Mvua ya Mawe

Saa 12:00 asubuhi

Jana alasiri mvua ya mawe iliupiga mtaa kwa muda usiozidi robo saa, na tangu usiku nimekuwa nikipokea picha za mabati yaliyobonyea, vigae vilivyovunjika na dari zenye madoa ya maji. Kabla sijatoka nyumbani hupanga foleni ya nyumba za kukagua, na foleni hiyo haimfuati aliyepiga simu kwanza. Nyumba inayoingiza maji hutangulia. Hufuata ile yenye kigae kilichovunjika, hata kama bado haijavuja, na zile zenye mabonyeo matupu hungoja hadi mwisho.

Kila mwenye nyumba namuuliza mawe yalikuwa na ukubwa gani, upepo ulitoka upande gani, na kama kuna aliyeyapiga picha kando ya rula kabla hayajayeyuka. Swali la ukubwa lina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Jiwe la barafu lenye kipenyo mara mbili ya jingine huwa na uzito karibu mara 8, na kwa kuwa huanguka kwa kasi zaidi, nguvu ya pigo lake hukaribia mara 16. Ndiyo maana mtaa uliopigwa na mawe ya sentimita 2 unaweza kubaki na kumbukumbu ya makelele tu, ilhali mtaa wa jirani uliopata ya sentimita 4 ukaamkia vigae vilivyopasuka.

Saa 1:30 asubuhi

Nyumba ya kwanza ni ya mabati, na maji yaliingia ukumbini kwa wingi. Mama mwenye nyumba ana hakika kwamba jiwe limetoboa bati juu ya doa lile, naye ananielekeza nipande moja kwa moja hadi hapo. Namwomba kwanza aniruhusu kuingia juu ya dari na tochi, kwa sababu maji yanayodondoka mahali fulani mara nyingi yameingia mbali kabisa na hapo: huteremka juu ya kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), hufuata papi (mbao za kupigilia bati au kushikia vigae), na hudondoka yanapokuta msumari au maungio ya mbao. Nafuata alama ya unyevu kwenye mbao hatua kwa hatua, nayo inanifikisha kwenye bonde la paa, pale miteremko miwili inapokutana.

Sasa ndipo napanda nje. Ngazi naiegemeza kwa kanuni ya nne kwa moja, yaani kwa kila mita 4 za kimo mguu wa ngazi hukaa mita 1 kutoka ukutani, na ncha yake huzidi ukingo wa paa kwa karibu mita 1 ili mtu apate pa kushika anapovuka. Kijana ninayemfundisha kazi anaifunga juu kwa kamba kabla yeyote hajakanyaga paa.

Katika bonde lile hakuna tundu lolote. Kuna rundo la majani mabichi yaliyopasuliwa na mawe kutoka kwenye miti na kusombwa hadi hapo, na juu ya rundo, pande zote mbili, kuna mstari mwembamba wa tope unaoonyesha maji yalipanda hadi wapi. Barafu na majani viliziba njia, maji yakajaa nyuma yake, yakafika juu ya ukingo wa bati la bonde na kuingia chini ya mabati ya paa. Barafu imekwisha kuyeyuka na shahidi aliyebaki ni ule mstari wa tope. Mvua nyingine ikinyesha, utafutika.

“Sasa fundi, mbona hakuna tundu?” mama ananiuliza kutoka chini.

Namweleza kwamba uvujaji mwingi wa siku ya mvua ya mawe hutokea namna hii, na kwamba fundi angeweza kuziba kila msumari wa paa hili bila kuondoa tatizo. Tunazoa majani, tunasafisha gata hadi kwenye bomba la kuteremshia maji, kisha tunanyoosha mkunjo wa ukingo wa bati la bonde ambao ulikuwa umelala. Tunamaliza kwa kumwaga maji kwa mpira, tukianzia chini na kupanda juu kidogo kidogo huku kijana akiwa darini na tochi. Ukianza juu, maji hulowesha kila kitu kwa pamoja na hutajua yameingia wapi.

Saa 3:30 asubuhi

Nyumba ya pili imeezekwa kwa vigae vya udongo. Paa la vigae hukaguliwa kwa jicho na kwa sikio. Vigae vilivyovunjika vipande vikubwa huonekana hata kutoka barabarani, na havinisumbui. Ninavyovitafuta ni vile vyenye ufa mwembamba kama unywele, hasa kwenye pembe na ukingo wa chini, kwa sababu huko ndiko kigae hakina kitu cha kukishikilia kwa chini na ndiko jiwe hukivunja. Nagonga taratibu kwa mpini wa mbao: kigae kizima hulia kwa sauti kali, chenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa.

Rangi ya ufa nayo husema. Mpasuko wa jana una uso safi wenye rangi mbichi ya udongo uliochomwa, na ule wa miaka iliyopita una vumbi, weusi na pengine kuvu ndani yake. Aina zote mbili nazipiga picha na kuziandika kando kando, kwani mwenye nyumba ana haki ya kujua paa lake lilikuwa na hali gani kabla ya jana.

Kubadilisha kigae hakuhitaji nguvu. Tunainua vigae viwili vya juu kwa kabari za mbao, tunakitoa kilichovunjika kwa kukiinua na kukivuta kwetu, tunaangalia karatasi ya kuzuia maji iliyo chini yake kama imechanika, kisha tunaingiza kipya hadi meno yake yashike papi. Jambo gumu ni kupata kigae cha umbo lile lile. Kigae kinachokaribia kufanana hakilali sawa na jirani yake, na upepo wa mvua husukuma maji kupitia mwanya huo mdogo. Ni heri kutoa kizima kutoka sehemu iliyofunikwa na paa la baraza na kukiweka hapa, kuliko kulazimisha kisichokubali.

Saa 5:00 asubuhi

Nyumba ya tatu ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi, nami sijutii. Ni paa kubwa la mabati ya rangi, lina mabonyeo kila mahali, na mzee mwenye nyumba amekwisha kuambiwa na fundi mwingine kwamba mabati yote yang’olewe. Mzee amekaa kwenye kiti uani, ananitazama nikipanda, na uso wake unaonyesha kwamba hesabu ya mabati mapya imemnyima usingizi.

Katika kila mteremko napima mraba wa mita 3 kwa mita 3 na kuhesabu mapigo yaliyo ndani yake. Mabonyeo madogo hayaonekani vizuri jua linapokuwa juu, kwa hiyo nalaza kipande cha chaki kwa ubavu na kukipitisha taratibu juu ya bati. Chaki hupaka palipo tambarare na kuruka palipobonyea, hivyo kila pigo hubaki duara lisilo na weupe. Mteremko ulioelekea upepo umepigwa sana, ule wa nyuma kidogo tu, na maduara yana ukubwa mbalimbali. Gata na kofia za paa, yaani mabati yanayofunika kilele, nazo zina alama. Hivyo ndivyo mvua ya mawe ya kweli inavyoandika juu ya paa. Alama za nyundo, ambazo watu wasio waaminifu huzipiga ili kuongeza kazi, hufanana ukubwa, hukusanyika pale mtu alipoweza kusimama, na gata lililo jirani nazo huwa halina hata mkwaruzo.

Baada ya hapo natoa lenzi na kuinama juu ya bonyeo moja baada ya jingine. Bati likibonyea bila ngozi yake kupasuka, zinki na rangi bado zinalilinda, na litamwaga maji leo kama lilivyoyamwaga juzi. Bonyeo lenye mkunjo mkali, ambalo rangi imefanya nyufa nyembamba katikati na chuma kimeanza kuonekana, ndilo litakaloshika kutu. Kwenye mteremko mzima wa mbele nimeyaona ya aina hiyo kwenye bati moja tu, ambalo lilikuwa la kiraka na ni jembamba kuliko mengine. Kwa mabati, kadiri namba ya geji, yaani kipimo cha unene, inavyopanda ndivyo bati linavyokuwa jembamba.

Madhara makubwa ya paa hili yamejificha kwenye skrubu. Kila skrubu ina washa ya mpira chini ya kichwa chake, na mpira huo hukaushwa na jua mwaka baada ya mwaka. Mtikisiko wa mapigo ya jana umelegeza skrubu nyingi, na washa zilizokuwa zimekauka zimepasuka kama vigaga. Naichukua moja kati ya vidole na inavunjika vipande. Tunaanza kuzibadilisha safu kwa safu: pale tundu lilipopanuka tunatumia skrubu nene zaidi kidogo, na tunakaza mpaka mpira utokeze kidogo tu kwenye ukingo wa kichwa. Ukikaza kupita kiasi, mpira huchanika siku hiyo hiyo. Ukiacha umelegea, maji hupita.

Kijana anataka kuziba mkwaruzo kwa silikoni aliyoikuta nyumbani kwa mzee. Namwambia ainuse kwanza. Silikoni inayonuka siki inapokauka hutoa asidi inayokula zinki, na baada ya muda kutu itaanzia pale pale palipozibwa. Vivyo hivyo, bati jipya la kiraka tunalikata kwa mkasi wa bati na si kwa grainda, ile mashine ya umeme ya kukatia chuma, kwa maana cheche zake za moto hujichoma kwenye rangi na kuacha vidoa vya kutu.

Nashuka na kukaa na mzee. “Mzee wangu, bati moja libadilishwe, skrubu zote za mteremko wa mbele zibadilishwe, na mabonyeo mengine uyaache yalivyo. Yanachukiza macho, lakini hayaingizi maji.” Anarudia swali lile lile mara kadhaa kwa maneno tofauti, nami namjibu kila mara, kwa sababu mtu aliyetiwa hofu kuhusu nyumba yake anastahili kujibiwa hadi atulie.

Saa 8:00 mchana

Baada ya mapumziko mafupi ninapita nyumba yenye paneli za jua. Vioo vyake vimesalimika. Paneli zinazofuata kipimo cha kimataifa cha IEC 61215 hujaribiwa kwa mipira ya barafu yenye kipenyo cha milimita 25 inayorushwa kwa kasi ya takriban mita 23 kwa sekunde, kwa hiyo mawe madogo kwa kawaida huzishinda kwa shida. Nakagua vishikizo na matundu yake kwenye paa, kisha namshauri mwenye nyumba alinganishe umeme unaozalishwa sasa na wa siku za jua za wiki iliyopita, kwani seli inaweza kupasuka ndani ilhali kioo ni kizima.

Jirani yake ana vigae vya lami. Hapo natumia vidole zaidi ya macho: palipopigwa pamepoteza chembe za mawe na hubonyea nikigusa. Chembe hizo ndizo huikinga lami dhidi ya jua, na zimejaa kwenye gata. Anaponiuliza aezeke kwa nini safari ijayo, namwambia atafute vigae vya daraja la 4 katika kipimo cha UL 2218 cha kustahimili mapigo, ambacho kwa daraja hilo hudondosha mpira wa chuma wa milimita 51 kutoka kimo cha takriban mita 6 bila kigae kupasuka.

Saa 9:30 alasiri

Wingu limeanza kujenga tena upande ule ule. Nyumba ya mwisho ina karatasi angavu ya plastiki juu ya jiko, na mawe yameitoboa matundu. Plastiki ya namna hii, ikishakaushwa na jua, huvunjika kama yai, na mtu akiikanyaga hupita nayo hadi sakafuni. Namfunga kijana mkanda wa usalama na kumkumbusha: “Kanyaga penye mstari wa skrubu tu, maana chini yake kuna papi.”

Karatasi ya kubadilisha itafika kesho, kwa hiyo leo tunafunika kwa turubai. Tunalipitisha juu ya kofia ya paa hadi upande wa pili, ili maji yasipate ukingo wa juu wa kuingilia, kisha tunazungushia kingo zake kwenye mbao na kuzifunga kwenye kenchi. Mawe na matairi yanayowekwa juu ya turubai huteleza upepo ukija, na yanaweza kumwua mtu aliye chini. Radi ya kwanza inasikika tukiwa tunafunga fundo la mwisho, nasi tunashuka. Mkanda na ngazi ya alumini havina hoja mbele ya radi.

Saa 1:00 usiku

Naandika ripoti. Kila nyumba inapata picha zenye tarehe na rula ndani yake, mchoro wa miteremko na upande upepo ulikotoka, kisha maelezo ya mambo matatu yaliyotenganishwa waziwazi: yanayoingiza maji sasa, yatakayoingiza maji yasipotengenezwa, na yanayoharibu sura tu. Uchakavu wa zamani nauandika hivyo hivyo, hata pale mwenye nyumba anapotamani nisiutaje kwa ajili ya bima, kwa kuwa mkaguzi wa bima naye atauona, na ripoti yenye uongo mmoja huwafanya wasiamini hata picha za kweli.

Kwa mama wa nyumba ya kwanza naongeza mstari mmoja: asipake rangi doa la dari hadi mbao zikauke kabisa na mvua kubwa moja ipite, nami nitakuja na tochi kuangalia bonde lile mvua hiyo ikikatika.