Moro, Mkapa na Maghala ya Kihonda

Nilipoondoka Morogoro, Benjamin Mkapa alikuwa ametoka Ikulu juzijuzi tu na mji ulikuwa umeshaanza kumgombania. Nimerudi nikakuta amefariki tangu Julai 2020, na ugomvi haukuzikwa naye. Kaa kijiwe chochote cha kahawa, Mwembesongo, Mafiga au Kichangani, itaje Kihonda, eneo letu la viwanda, kisha nyamaza. Kikombe hakijaisha atatokea wa kusema Mkapa aliuza viwanda vyetu, na wa kumjibu kwamba hapakuwa na viwanda vya kuuza, palikuwa na mabati.

Mjomba wangu yuko upande wa kwanza. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo nilifikia kwake, si hotelini. Shikamoo, marahaba, za Ulaya, nzuri, watoto hawajambo. Chai haijapoa alikuwa ameshafika 1995. Mjomba alifanya kazi kiwandani. Baba naye alifanya kiwandani, kingine, na amekufa akiamini kinyume kabisa: kwamba aliyeviua ni Mwalimu mwenyewe, Mkapa alikuja kufukia tu. Mashemeji hawa walizungumza mambo yote ya dunia isipokuwa hilo, maana walipolizungumza mama alilazimika kuingia kati.

Mgeni anaijua Moro kwa milima ya Uluguru na ule msemo wa mji kasoro bahari. Sisi wa miaka ya 80 tuliijua kwa zamu. Baba akirudi zamu ya usiku, redio inazimwa, mama anatutoa nje tukapigie kelele zetu mbali. Mtaani watu waliitwa kwa viwanda vyao: baba fulani wa Turubai, mama fulani wa Viatu, yule wa Polytex, yule wa Ceramics. Wale wa Ngozi hukuhitaji kuwauliza, harufu ilitangulia. Mwisho wa mwezi fundi baiskeli, muuza mishikaki na mwenye duka wote walikuwa na daftari la madeni mkononi, na wote walilipwa.

Haya hayakujiotea. Azimio la Arusha la 1967 lilitaka njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma, na katikati ya miaka ya 70 serikali ikaja na mkakati wa viwanda vya msingi, kwamba nchi itengeneze yenyewe inachokitumia. Moro iko kwenye reli ya kati na barabara kuu, na likajengwa bwawa la Mindu kwa ajili ya maji. Wazo lenyewe, ukiniuliza mimi, lilikuwa safi. Nchi yenye ng'ombe kuliko karibu nchi zote za Afrika inauzaje ngozi mbichi halafu inunue viatu? Nampa Mwalimu haki yake hapo, na sioni haya kusema hivyo mbele ya kaburi la baba.

Tatizo lilikuwa kwenye namna. Kiwanda cha Viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kwenye karatasi kilipangiwa kuuza asilimia 80 ya viatu vyake Ulaya. Ulaya! Kiwanda kipya, wafanyakazi wapya, ngozi ambayo ubora wake ulikuwa bado unasuasua, kishindane moja kwa moja na mafundi wa Italia. Jengo likawekewa kuta za alumini bila njia ya kupitisha hewa, kama vile linajengwa mahali penye theluji. Anayelijua jua la Moro la Januari hahitaji kuelezwa zaidi. Uzalishaji haukuwahi kufika hata robo ya uwezo wake, na 1990 kikafungwa.

Rudieni huo mwaka: 1990. Mkapa aliingia Ikulu Novemba 1995. Nilimwambia mjomba hivyo na akanitazama kama nimemtukana. Ila tarehe ni tarehe. Hata PSRC, ile tume ya kurekebisha mashirika ya umma ambayo jina lake bado linawatoa watu mate ya hasira, iliundwa Mzee Mwinyi akiwa bado madarakani. Lakini Mwinyi hatukanwi kijiweni. Mwinyi ni Mzee Ruksa, ndiye aliyeleta sukari dukani, na alipofariki Februari 2024 wakamlilia wote, wa Mwalimu na wa Mkapa.

Upande wa pili nao una kusahau kwake. Wanaosema ujamaa peke yake ndio uliovimaliza viwanda wanaruka miaka mibaya ambayo hakuna sera ingeivuka salama. Mafuta yalipanda 1973, yakapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, vikala hazina yote. Baada ya hapo dola hazikuwepo, na kiwanda ambacho mashine zake, vipuri vyake na dawa zake zinatoka nje kikikosa dola kinageuka kuwa ukumbi. Mjomba anasema walikuwa wakivua mashine moja vipuri ili kuifanya nyingine iende, hadi zikabaki chache zinazonguruma katikati ya mizoga. Mshahara ulikuwa unakuja, kazi haipo. Wakawa wanafagia.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Foleni ya duka la kaya, sabuni imeadimika, mama anafulia majani ya mpapai. 1983 ikaja kamata kamata ya wahujumu uchumi, na Aprili 1984 waziri mkuu Sokoine akafa ajalini hapo Dakawa, kwenye barabara yetu wenyewe, na kuna wazee wanaoamini hadi leo kwamba angeishi viwanda vingepona. Mimi siamini, lakini sibishani nao.

Kisha mlango ukafunguliwa. Mkataba na IMF ukasainiwa 1986, bidhaa zikajaa, na mitumba ikaingia kwa marobota. Viatu vilivyotakiwa kutoka Moro kwenda Ulaya vikaanza kutoka Ulaya kuja Moro, vimefungwa kamba jozi kwa jozi, na watu wakavifurahia kwa sababu vilikuwa imara na bei poa. Nami nilifurahi, kiatu changu cha kwanza cha sekondari kilikuwa cha mtumba. Kabla ya safari hii binamu zangu walinitumia WhatsApp namba za miguu ya nyumba nzima. Nusu ya mzigo wangu uwanja wa ndege ilikuwa raba.

Sasa Mkapa. Tuseme ukweli wake wote. Alikuta mfumuko wa bei unapita asilimia 25, akauacha karibu na 5. Alianzisha TRA, mamlaka ya mapato, 1996, akapata msamaha mkubwa wa madeni 2001. Na si kila alichobinafsisha kilikufa: hapa hapa mkoani, viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa viliuzwa mwishoni mwa miaka ya 90, na Kilombero leo inazalisha mara kadhaa ya ilivyokuwa ikizalisha mikononi mwa serikali. Mtibwa Sugar ikachukua ubingwa wa ligi 1999 na 2000, Moro nzima ikasahau siasa kwa muda. Polytex nayo ilipata mwenyewe, ikabadilishwa jina na inaendelea kutoa kanga na vitenge.

Kwa hiyo kuuza lilikuwa jambo la lazima. Ambacho simsamehe ni kilichofuata baada ya kuuza. Aliyenunua kiwanda aliahidi kukifufua, na ahadi ikawa karatasi. Viwanda vingi vikauzwa na kubaki majengo tu: mashine zikang'olewa, zikaenda kuwa chuma chakavu au hazijulikani zilikokwenda, na banda likapangishwa kuwa ghala. Kihonda ukipita utaona: kuta ndefu, geti jipya, mlinzi, lori la mbolea au la saruji linarudi nyuma. Ghala la tani kwa tani linahitaji mlinzi, karani na vibarua wa kushusha. Kiwanda kile kile kilikuwa kinalisha mtaa. Na serikali iliyokuwa na nguvu za kumkusanyia kodi muuza mchicha haikuwa na nguvu za kumuuliza mnunuzi, bwana, mashine ziko wapi?

Halafu kuna mafao. Mjomba alinitolea barua yake ya kupunguzwa kazi. Kiwanda chenyewe sikitaji. Anaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na hati ya kiwanja na cheti cha ubatizo cha marehemu mkewe. Imepigwa chapa kwa mashine ya zamani ambayo herufi "e" imejaa wino, pini imeota kutu ikaacha alama mbili za kahawia, na pembeni kuna hesabu za penseli za rika tofauti tofauti: miaka ya kazi mara mshahara, ikajumlishwa, ikafutwa, ikajumlishwa tena kwa mwandiko wa mzee ambaye mkono unaanza kutetemeka. Alilipwa sehemu. Iliyobaki wamefuatilia kwa makundi, wakichangishana nauli ya Dar, hadi waliokuwa wanachangishana wakaanza kupungua. Kila nikisoma mtu anaeleza ubinafsishaji kwa takwimu za ukuaji wa uchumi nitaikumbuka ile penseli.

Niseme jambo la nilikokuwa, maana lilinifungua macho. Niliishi Barnsley, kaskazini mwa Uingereza, nikifanya kazi ghalani. Ndiyo, ghalani, na eneo lile zamani lilikuwa la migodi ya makaa ya mawe. Kule Mkapa wao ni mwanamama, Margaret Thatcher, waziri mkuu wao wa miaka ya 80. Wachimbaji waligoma mwaka mzima, Machi 1984 hadi Machi 1985, wakashindwa, migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Siku alipozikwa Aprili 2013, kijiji cha jirani, Goldthorpe, walitembeza jeneza lenye sanamu yake barabarani wakalichoma moto. Nilishangaa sana, kwetu marehemu hasemwi hivyo hata akiwa mbaya namna gani. Lakini huko huko, kantini, mzee mmoja ambaye ukoo wao mzima ulitokea migodini aliniambia kwa sauti ya chini kwamba migodi mingi zaidi ilifungwa miaka ya 60 chini ya Harold Wilson, waziri mkuu wa chama chao wenyewe, Labour. Tofauti, alisema, ni kwamba wakati ule ukifungiwa mgodi huu unapelekwa ule, au unapata kazi kiwanda cha pili. Safari ya Thatcher hapakuwa na pa kwenda, na alionekana kufurahia.

Nilipomsikia nikamkumbuka baba. Naye alikuwa akisema kuwa angeuvumilia ubinafsishaji kama kuna mtu angekuja kuwaambia ana kwa ana. Walikuta tangazo getini.

Magufuli aliisoma hasira hii kuliko mwanasiasa yeyote. Alikuja na Tanzania ya viwanda, na kuanzia 2017 serikali yake ikaanza kuwabana walionunua viwanda wakavilalia, wavifufue au wavirudishe. Kijiweni walishangilia, mjomba alinipigia simu Barnsley usiku wa manane kunieleza. Baadhi vilirudishwa kweli. Lakini kukirudisha kiwanda kisicho na mashine ni kurudisha kiwanja, na viatu havishonwi na hati.

Mji haukufa, nisieleweke vibaya. Nilitoka Dar kwa treni ya SGR, chini ya saa mbili niko Moro, nikajiona mshamba kwa jinsi nilivyokuwa nachungulia dirishani. Tumbaku bado inasindikwa. Kuna kiwanda kinashona nguo za michezo za kwenda nje, kimejaa mabinti, na asubuhi ukiwaona wanamiminika kazini unaweza kudhani ni 1984. SUA, chuo kikuu cha kilimo, na vyuo vingine vimeleta wapangaji, na kila aliyekuwa na uwanja amejenga vyumba vya wanafunzi. Pesa ipo. Ila ni pesa ya kodi ya chumba, bodaboda na msimu, na mpwa wangu ameshafanya vyote vitatu kabla ya kufika miaka ishirini na miwili.

Huyu mpwa ndiye aliyetuvuruga siku ya mwisho. Mimi na mjomba tulikuwa tumekaa barazani tunabishana kwa heshima, mimi na tarehe zangu, yeye na barua yake, Mkapa huku, Mkapa kule. Kijana alikuwa pembeni anachezea simu, akainua kichwa na kuuliza kama na sisi tunaongelea mechi ya Jumamosi. Kwake yeye Mkapa ni uwanja. Kwa Mkapa hatoki mtu, akamalizia, maana ni Simba damu. Mjomba akamwangalia muda mrefu, akamwambia weka hiyo simu chini ulete kigoda, na akaanza naye kutokea 1967.