Bandari ikikodishwa, kreni zinabaki za nani?

Kila bandari ikitajwa kwenye habari za ubinafsishaji watu wanagawanyika timu mbili, huyu anasema imeuzwa, yule anasema hapana imekodishwa tu, na hapo watagombana wiki nzima. Mi siku hizi huo ugomvi naupita, naenda kutafuta viambatisho vya mkataba, maana humo ndo kuna orodha ya mali, na bila hiyo orodha ni kama umempangisha mtu nyumba na vyombo vyake vyote hujahesabu hata vijiko.

Maana bandari sio kitu kimoja jamani. Kuna ardhi, kuna magati, kuna ule mkondo unaochimbwa ili meli zipite, kuna kreni, tagi za kuvuta meli, maghala, kompyuta, kuna madeni, kuna wafanyakazi na mafao yao. Mara nyingi serikali inabaki mwenye nyumba, ardhi na magati hayatoki mkononi, mwendeshaji anapanga miaka 25 au 30, wengine mpaka 99 kama Darwin kule Australia 2015, lakini vitu vinavyohamishika kama kreni anaweza kuuziwa moja kwa moja. Kwa hiyo wale wagomvi wote wawili wana ukweli kidogo.

Cheki Piraeus, Ugiriki. 2016 COSCO, kampuni ya meli ya serikali ya China, ilinunua asilimia 51 ya hisa za mamlaka ya bandari kwa yuro milioni 280.5. Imeuzwa eeh? Hisa ndiyo, ila hiyo mamlaka yenyewe ni mpangaji wa serikali, ina mkataba wa kutumia ardhi na magati hadi 2052 na inalipa sehemu ya mapato yake kila mwaka, yaani jamaa kamnunua mpangaji, nyumba hajainunua. Asilimia 16 nyingine alitakiwa apewe akishamaliza uwekezaji alioahidi, 2021 akapewa kwa yuro milioni 88 na kuna miradi ilikuwa bado haijaisha. Hapo nilishika kichwa.

Waingereza wao hawakuzunguka, sheria yao ya 1991 iliruhusu bandari za udhamini, yaani zile zinazoendeshwa na bodi bila wenye hisa, kuuzwa na ardhi yake humo humo. Bandari ya Medway ikachukuliwa 1992 na menejimenti na wafanyakazi wake kwa karibu pauni milioni 30, mwaka uliofuata ikauzwa tena kwa zaidi ya milioni 100! Shida ni kwamba gati halina bei ya sokoni, ukilithamini kwa gharama ya kulijenga unapata namba moja, ukilithamini kwa hela litakalozalisha miaka 30 ijayo unapata nyingine kabisa, na hapo hujagusa viwanja vitupu vya pembeni ambavyo kesho vinaweza kujengwa maghorofa.

Ila kilichonikomesha ni Newcastle, Australia tena. Jimbo la New South Wales lilikodisha bandari zake nyingine mbili, Port Botany na Port Kembla, 2013, likawaahidi wapangaji kuwa Newcastle ikipitisha makontena zaidi ya kiwango fulani serikali itawalipa fidia. 2014 ikakodisha Newcastle kwa miaka 98 na huyo mpangaji mpya akabebeshwa kuirudishia serikali hiyo fidia. Sasa nani ajenge gati la makontena hapo? Na hayo makubaliano yalikuwa siri, umma umekuja kuyajua 2016, mamlaka ya Australia inayosimamia ushindani wa biashara ikaenda mahakamani ikashindwa 2021, mpaka bunge la jimbo likatunga sheria 2022 ya kuufuta huo mzigo. Yaani ardhi ni ya serikali, hati ni ya serikali, lakini kilichokodishwa kumbe ni pamoja na haki ya jirani kufanya biashara.

Kwa hiyo nikipata mkataba wa aina hii naanzia nyuma, kurasa za kurudisha mali mkataba ukiisha. Mwaka wa mwisho mali zinarudi katika hali gani, nani anazikagua, na anaanza kukagua lini, maana kama ni siku ya kukabidhiana funguo mmechelewa, mpangaji anayejua anaondoka hanunui hata tairi. Halafu kreni alizozileta yeye mwenyewe, je zinabaki bure, serikali inazinunua, au anazifungua anaondoka nazo? Kama hiyo ya kreni haijaandikwa, nafunga nikanywe chai kwanza.