Nilivyoweka sera za usalama kwenye kompyuta za matawi, kutoka Mbeya

Kompyuta nyingi ninazosimamia ziko nje ya Mbeya mjini: Tukuyu, Makambako, Mafinga, na ofisi za mashambani ambako intaneti ni modemu ya bando. Kuzifuata moja moja ni kula nauli tu, hivyo sera zote, yaani mipangilio ya usalama, nazituma kwa Microsoft Intune, huduma ya kusimamia kompyuta kupitia intaneti.

Kabla ya sera, mashine kwanza. Windows Home haifai. Iwe Pro, Enterprise au Education. Halafu saa. Kwenye kompyuta za mitumba betri ya CR2032 mara nyingi imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka, vyeti vya mtandao vinakataliwa na usajili wa kompyuta kwenye Intune unakwama bila kueleza sababu. Badilisha betri. Ukikuta BIOS iko Legacy (njia ya zamani ya kuwasha kompyuta), BitLocker, kinachosimba diski kwenye Windows, haitajiwasha kimyakimya: tunza nakala ya mafaili, endesha amri mbr2gpt /validate /allowFullOS, inayopima kama diski inaweza kuhamia mpangilio wa GPT, ikikubali rudia ukiweka /convert badala ya /validate, kisha geuza BIOS kwenda UEFI (njia mpya) na uhakikishe TPM, chipu ya kutunza funguo, imewashwa.

Sera zenyewe ziko Endpoint security, kisha Security baselines, yaani mikusanyo ya mipangilio inayopendekezwa na Microsoft. Sizielekezi kwa kompyuta zote kwa mpigo. Kundi la kwanza lina kompyuta moja ya kila kazi: karani wa mizani, mtu wa stoo, mhasibu. Mhasibu ndiye kipimo hasa, maana yeye ndiye mwenye Excel zenye makro (programu ndogo ndani ya faili) na printa ya zamani.

Kinacholeta simu nyingi ni flashi. Baseline ya Windows ya Microsoft inazuia kuandika kwenye flashi isiyosimbwa kwa BitLocker. Mtumiaji anafungua na kusoma vizuri, akitaka kuhifadhi anakataliwa, naye anaamini flashi imekufa. Kwa ofisi inayopeleka barua steshenari kuchapisha, hapo kazi imesimama. Mimi sikuizima kwa wote. Wanaoshika mishahara na taarifa za wakulima imebaki. Wengine niliwatengenezea profaili (seti ya mipangilio) ya pili yenye kipengele hicho kimezimwa, na kuwatoa kwenye ile ya kwanza. Kuwatoa ni lazima: kompyuta ikipata thamani mbili tofauti za kipengele kimoja, Intune inaandika Conflict, na huwezi kutegemea kwamba yoyote kati ya hizo itafanya kazi. Kwa sababu hiyo BitLocker naipanga sehemu moja tu.

Kanuni za Defender, kinga ya virusi ya Windows, za kupunguza njia za mashambulizi nazianza kwenye Audit, inayorekodi bila kuzuia. Kumbukumbu za Defender zitaonyesha tukio namba 1122 kwa kitu ambacho kingezuiwa. Ukishahamia Block, kilichozuiwa kweli ni 1121. Acha ifike mwisho wa mwezi wahasibu wafunge hesabu ndipo uamue, kwani makro nyingine huamka siku hizo tu.

Usiwe na haraka na ripoti. Kompyuta iliyokwisha kusajiliwa huulizia sera takriban kila saa 8, na ya tawini iliyozimwa haiulizii chochote. Bonyeza Sync, mwombe mtumiaji aiache imewaka. Usimbaji ukikatizwa na umeme huendelea kompyuta ikiwashwa. Manage-bde -status itakuonyesha asilimia.

Kuondoa sera si kurudisha hali ya zamani, kwani baadhi ya mipangilio hubaki ilivyo. Ukitaka kitu kizimike, tuma thamani ya kukizima. Na toleo jipya la baseline likitoka, profaili yako haihami yenyewe. Unaihamisha wewe, ukianza tena na lile kundi dogo.

Kompyuta ikienda kwa fundi kubadilishwa ubao, hakikisha kwanza ufunguo wa kufufua wa BitLocker unaonekana Intune. Una tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu 6. Kwenye simu msomee mtu kundi mojamoja, naye arudie. Akishaingia, uzungushe ufunguo huo upate mpya.