"Kaka, bahari imekwenda wapi?"

Jumamosi, 3 Januari 2026

Shule zinafunguliwa Jumatatu, kwa hivyo leo ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, ambao sisi wa Mombasa twauita Pirates, ulifurika watu tangu asubuhi. Mabasi kutoka bara yalipangana hadi barabarani. Akina mama walishuka na masufuria ya pilau na chapati zilizofungwa kwa leso, na ngamia wakapita na watoto wawili wawili mgongoni. Nazipenda siku hizi. Kuna wazee wanaotia mguu katika maji ya chumvi kwa mara ya kwanza maishani mwao, wanachovya kidole na kuonja, kisha wanaangaliana na kucheka.

Mama mmoja aliyetoka Nakuru na wajukuu wake aliniuliza swali lililonikaa kichwani siku nzima: "Kaka, bahari imekwenda wapi?"

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mbele yetu kulikuwa na mchanga mtupu na vidimbwi vinavyong'aa, na povu la mawimbi likionekana kwa mbali mwambani.

"Maji yamekupwa, mama. Yatarudi," nikamwambia.

"Yatarudi saa ngapi?"

Hilo ndilo ambalo hakuna aliyemwambia: si dereva wa basi, si mtu wa langoni, wala hakukuwa na ubao wowote wa kumjulisha. Mvuvi wa hapa hujua kwa kuhesabu mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huwa ni maji ya bamvua, bahari hutoka mbali na kurudi juu kabisa. Karibu na tarehe saba na ishirini na mbili za mwezi wa Kiislamu huwa maji mafu, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Leo mwezi ni mpevu, tena uko karibu na dunia kuliko kawaida. Siku kama hii, hapa Mombasa, maji hupwa saa nne asubuhi au karibu na hapo na kujaa mnamo saa kumi jioni, na kina hupanda zaidi ya mita 3.

Hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huoni kitu, ya pili huja kidogo, halafu saa ya tatu na ya nne peke yake huleta nusu ya maji yote. Hesabu mwenyewe: kati ya saa sita na saa nane mchana kina huongezeka mita 1 na nusu au zaidi, na hayo ni maji ya kumfika mtu mzima mabegani. Saa hizo ndizo ambazo wageni wamekwisha kula, wazazi wamelala kivulini, na watoto wako mbali kule walikoachwa na maji ya asubuhi.

Na maji yenyewe hayaji kwa mbele tu. Kati ya pwani na mafungu ya mchanga kuna sehemu za chini, na hizo ndizo hujaa kwanza. Mtoto aliye juu ya fungu huona mawimbi madogo miguuni pake na kuendelea kucheza, kumbe nyuma yake njia aliyojia imekwisha kuzama. Leo mchana vijana wa boti za vioo waliwafuata wawili, dada na nduguye mdogo, waliosimama juu ya fungu wakilia. Walirudishwa salama. Babu yao alishika mkono wa yule nahodha na hakuuachia kwa muda mrefu.

Bahari ya kaskazi huhadaa kwa upole wake. Mwamba huvunja mawimbi makubwa, maji ni ya uvuguvugu, na mgeni huona hapana la kuogopa. Huingia na suruali ya jinzi, ambayo ikilowa humvuta chini. Wengine huingia na pombe kichwani. Wengine hukodi tyubu bila kujua kuogelea, na maji yanapoanza kutoka jioni mkondo huwapeleka polepole kuelekea mlango wa mwamba. Siwalaumu. Sisi tuliozaliwa hapa tunayaona haya yote, na wengi wetu tunakaa kimya huku tukiwauzia viazi karai.

Kuhusu usafi nitasema machache. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika fuo na mbuga zetu, na chupa bado zilikuwa tele mchangani leo. Kilichoniuma zaidi ni nepi majini, katika vidimbwi vile vile ambamo watoto wengine walikuwa wakipiga mbizi macho wazi. Vyoo ni vichache mno kwa umati kama huu, na mwenye kichanga hana pa kwenda.

Majedwali ya kujaa na kupwa hutolewa kila mwaka na Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Saa zipo. Ubao mmoja penye kituo cha matatu ungetosha, wenye mistari miwili: maji hupwa saa fulani, hujaa saa fulani, ukifika adhuhuri waite watoto. Nimezungumza jioni hii na muuza madafu wa pale langoni na amekubali tuuegemeze kwenye mkokoteni wake. Jumamosi ijayo ni maji mafu. Mwezi utakuwa mpya tena Jumapili tarehe 18, na rangi ya kuandikia nimekwisha kununua.