Mahali Palipokuwa Chini

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Neno letu la wiki hii ni Nehemia sura ya 4. Ni mistari 23 tu, naomba uisome yote kabla hujaendelea na maneno yangu. Mimi sura hii niliisikia tangu utotoni, lakini nilianza kuielewa siku nilipokuwa nimelala kifudifudi kwenye nyasi, kidevu kikigusa udongo, nikitazama shimo nililolichimba kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikuwa askari kijana. Seksheni yetu ya watu tisa ilipewa ubavu wa kilima tuulinde, na mimi na mwenzangu tukaonyeshwa mahali pa kuchimba. Tulichimba tangu asubuhi. Shimo la watu wawili, kina chake mpaka kwapani, udongo umerundikwa mbele na ubavuni uwe kinga, na mbele tumeacha kidaraja cha kuegemeza viwiko wakati wa kulenga shabaha. Sakafu tuliiinamisha kidogo kuelekea kishimo chembamba cha pembeni, ili adui akitupa bomu la mkono ndani, ulipige teke lidumbukie humo na mlipuko ubaki chini. Juu tukaweka magogo na mifuko ya mchanga, unene wa karibu sentimita 45. Majani tuliyafunika juu ya udongo mbichi, maana udongo uliochimbuliwa leo huonekana kutoka mbali kama kidonda. Mikono ilikuwa imejaa malengelenge, na tulijisikia tumemaliza.

Koplo wetu akaja. Hakusema lolote juu ya shimo. Alimwambia mwenzangu abaki ndani na macho yake mbele, mimi akanipeleka kama hatua mia upande ambao adui angetokea. Akaniambia: "Lala chini. Sasa rudi kwake, asikuone."

Kutoka shimoni, eneo lile lote lilikuwa tambarare. Ningeapa hivyo. Lakini nilipolala niliona jambo ambalo sikuliona siku nzima nilipokuwa nimesimama: palikuwa na mkunjo wa ardhi, njia ya maji ya mvua iliyofunikwa na nyasi, ikipanda taratibu mpaka karibu na shimo letu. Nikaingia humo nikatambaa. Nilisikia pumzi yangu na mchwaruzo wa nyasi, basi. Mwenzangu alikuwa akitazama kwa makini kweli, hakusinzia hata kidogo. Nilipofika nikanyoosha kijiti nikagusa kofia yake ya chuma.

Lakini kilichonikaa moyoni mpaka leo ni kilichofuata. Koplo aliwaita jirani zetu wa shimo la kulia, akawauliza, "Mlimwona?" Wakajibu, "Ndiyo afande, tulimwona tangu alipoanza kutambaa. Tulidhani ule upande ni wa wenyewe."

Walikuwa wananiona muda wote. Kutoka kwao njia ile ya maji ilikuwa wazi kama kiganja. Walinyamaza kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba mahali pale ni pao.

Koplo hakutuamuru tufukie shimo. Alikwenda kwenye shimo la jirani, akachomeka vijiti viwili ardhini mbele ya bunduki, kimoja kushoto na kimoja kulia. Kijiti cha kushoto akakisogeza mpaka mdomo wa bunduki ulipoweza kufika kwenye ile njia ya maji. Akasema, "Kuanzia sasa hapa ni pako. Mwenzako akiuawa kupitia hapa, utaulizwa wewe." Kisha nasi tukapewa kona ambayo wao hawakuiona, kwa kuwa nao walikuwa nayo.

Sasa rudi kwa Nehemia. Mtu huyu hakuwa jemadari, alikuwa mnyweshaji wa mfalme Artashasta kule Shushani. Lakini tazama alivyoanza. Sura ya 2 inasema alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache, hakumwambia mtu Mungu alilotia moyoni mwake. Akatoka kwa lango la bondeni, akapita upande wa kisima cha joka na lango la jaa, akiangalia kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketezwa kwa moto. Mahali pengine mnyama aliyempanda alikosa hata nafasi ya kupita. Aliuzungukia mji, akautazama ulivyo hasa. Kabla ya hotuba, kabla ya jiwe la kwanza, alitafuta kwanza palipobomoka.

Ndipo katika sura ya 4, Sanbalati na Tobia na wenzao, waliopinga ukuta usijengwe, walipofanya shauri waje kuupiga mji, Nehemia alijua pa kuweka watu. Mstari wa 13 unasema aliwaweka mahali palipokuwa chini, nyuma ya ukuta, mahali palipokuwa wazi. Hakuanza na minara wala na pale ukuta ulipopendeza. Na aliwaweka kwa jamaa zao, wenye panga na mikuki na pinde.

Sura ya 3 wengi wetu huiruka kwa sababu ya orodha ya majina. Safari hii usiiruke. Isome kama ramani ya ulinzi. Fulani akajenga, na baada yake fulani, na baada yake fulani, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe, na Shalumu yeye na binti zake. Kila sehemu inatajwa kwa kugusana na sehemu ya jirani. Ukuta wa mji huingilika pale kazi ya mtu mmoja inapoishia na ya mwingine haijaanza.

Niseme jambo langu, maana siwezi kuwaandikia haya nikajificha. Miaka kadhaa baada ya kuacha jeshi nilikuwa kiongozi wa kikundi cha maombi. Nilifunga, nilikesha, nilifundisha. Nyumbani nilikuwa mkali kupita kiasi, na sikujua, au sikutaka kujua. Nilijiona baba mwenye msimamo. Siku moja mzee mmoja wa kikundi, aliyekuwa akitutembelea mara nyingi, akaniita kando akaniambia, "Ndugu yangu, watoto wako huwa wanacheka mpaka wasikie mlango unafunguliwa. Ukiingia, wananyamaza." Nikamuuliza ameliona lini. Akasema, "Ni mwaka wa pili sasa." Kwa nini hakusema? Akainamisha kichwa. "Niliona ni mambo ya nyumba yako."

Nilikumbuka kile kijiti kwenye kofia.

Wapendwa, tunaimba kwamba sisi ni mwili mmoja, tunaombeana kwa sauti kubwa, na bado kila mmoja anaiona njia ya maji ya mwenzake na kunyamaza. Unaona ndugu ameanza kukopa kwa siri. Unaona dada anatabasamu ibadani, macho yake yamechoka. Unasema, ule ni upande wa wenyewe. Na mwenye shimo yuko macho kabisa, anatazama mbele kwa bidii, haoni. Uvivu hana. Ardhi ndiyo imemficha. Yakobo anasema, "Ungamianeni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Kwa muda mrefu nililisoma hilo kama agizo la kuniaibisha. Sasa nalisoma kama mtu anayemwonyesha jirani yake kijiti: hapa ni pako, nilindie, mimi sipaoni.

Lakini vijiti ni viwili, na hili nalisema kwa uzito, kwa sababu nimeona kundi likivunjika. Kijiti cha kushoto na cha kulia vipo pia ili usiku, giza likiwa totoro na moyo ukidunda, mdomo wa bunduki yako usivuke ukamfikia mwenzako. Wapo waliojipa kazi ya kuwatazama watu wote, wakisahihisha ndoa zote na watoto wa kila nyumba. Huo si ulinzi. Mpaka wa macho yangu juu yako ni ule ulionipa wewe, na ninautumia kwa ajili ya uzima wako. Habari haitoki hapo kwenda kwa mtu wa tatu.

Na sheria tulizojiwekea? Ni nzuri. Jeshini tulitandaza seng'enge mbele ya mashimo, mbali kiasi kwamba adui akizuiwa hapo asiweze kuturushia bomu la mkono. Ila seng'enge isiyotazamwa na mtu, adui huikata polepole bila wasiwasi. Hukawiza tu. Nimewaona waumini wenye kanuni nyingi na hakuna jicho hata moja juu ya kanuni hizo.

Nehemia alikuwa na kitu kingine ninachokipenda, yule mpiga baragumu aliyesimama karibu naye. Aliwaambia watu kazi ni kubwa, wametawanyika ukutani, kila mtu mbali na mwenzake, basi watakaposikia baragumu wakimbilie hapo, na Mungu wao atawapigania. Ishara ilipatanwa mapema, mchana. Nasi kabla ya giza tulikubaliana alama ya hatari, na kila mmoja aliirudia kwa kinywa chake. Je, wewe ukizidiwa saa tisa usiku, nani anajua kwamba simu yako ya saa hiyo inamwita aje kwako? Ulimwambia, au unatumaini atajua?

Kuna wanaoona mipango hii yote ni kukosa imani. Nehemia anawajibu kwa mstari mmoja, wa 9: "Lakini tulimwomba Mungu wetu, tukaweka walinzi." Alifanya yote mawili, na ukuta ukaisha tarehe 25 ya mwezi Eluli, kwa siku 52. Zaburi ya 127 nayo inasema Bwana asipoulinda mji, yeye aulindaye akesha bure. Sioni ugomvi hapo. Mlinzi wa zaburi yupo kazini, anakesha. Ila anajua mji ni wa nani.

Kazi ya wiki hii ni moja. Chagua mtu mmoja anayekufahamu kwa karibu, mwenye kinywa kilichotulia. Kaa naye mahali penye faragha, umwulize: "Kutoka ulipo, unaona wapi pako chini kwangu?" Kisha nyamaza. Usijitetee, hata kama ameona nusu tu. Akimaliza, mwombe apachukue pawe pake, na wewe umwulize pake.

Tuombe. Bwana, wewe uliyemtembeza Nehemia usiku mpaka akayaona magofu yote, tutembeze nasi. Tuonyeshe yule ndugu anayetuona na amenyamaza, umfungue kinywa. Na kwa yule tunayemwona sisi, utupe upole wa kwenda, wiki hii, kabla ya giza. Amina.